Pampasi Zina Ofa, Maziwa ya Kopo Hayana: Sheria Inazuia Nini Hasa?

Swali hili haliishi kwenye magrupu ya Watsapu ya kina mama wa Dar es Salaam, na mwisho wa mwezi ndiyo linapamba moto. Pampasi zina ofa. Sabuni ya mtoto ukinunua mbili unapewa kitambaa. Mafuta, poda, hata kiti cha gari kina punguzo. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga, ambayo ndiyo yanayokomba mshahara kuliko vyote hivyo, hayana. Ukimuuliza mhudumu wa supamaketi atakwambia "ni sheria" na kuendelea kupanga rafu. Basi kila mtu anabaki na tafsiri yake. Wapo wanaoamini sheria inawalinda wenye maduka wasishushe bei. Wengine wanasema ni adhabu kwa mama ambaye hanyonyeshi. La kwanza si kweli. La pili nalo si kweli, ila ninaelewa linatoka wapi.

Tuanzie mwanzo. Mwaka 1939, huko Singapore, daktari Cicely Williams, yule aliyeuelezea ugonjwa wa kwashakoo alipokuwa akifanya kazi Ghana, alisimama mbele ya watu na kusema waziwazi kwamba kuwahadaa kina mama waache kunyonyesha na kuwapa watoto maziwa ya viwandani ni kuua. Ilichukua zaidi ya miaka 40 dunia kulifanyia kazi neno hilo. Katikati ya miaka ya 1970 zilianza kelele dhidi ya kampuni za maziwa zilizokuwa zikiuza Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Zilikuwa zikigawa makopo ya bure wodini, tena nyingine zikiwatuma wauzaji waliovaa sare kama za wauguzi. Mwaka 1977 ukaanza mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé. Mwezi Mei 1981, Baraza la Afya Duniani mjini Geneva likapitisha Kanuni za Kimataifa za Uuzaji wa Vyakula Mbadala wa Maziwa ya Mama. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikupiga upande wowote, na moja tu ilikataa: Marekani.

Kanuni hizo peke yake hazimfungi mtu. Kila nchi inatakiwa kuziingiza kwenye sheria zake. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, kisha ikatoa mpya mwaka 2013 chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi. Wauzaji wengi bado wanasema "TFDA hawataki", wakimaanisha iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, lakini mwaka 2019 masuala ya chakula yalihamia TBS, shirika la viwango, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kenya nao wana sheria yao ya mwaka 2012.

Sasa kwenye ofa zenyewe. Kifungu cha 5.3 cha Kanuni za 1981 kinakataza matangazo mahali pa kuuzia, sampuli za bure na mbinu yoyote ya kumvuta mnunuzi dukani, na kinazitaja kwa majina: maonyesho maalumu ya bidhaa, kuponi za punguzo, zawadi, mauzo ya bei maalumu, kuuza kwa hasara ili kuvuta wateja, na kuuza bidhaa moja kwa kuifunga na nyingine. Hapo ndipo watu wengi wanaposimama kusoma. Lakini kifungu kinaendelea. Kinasema katazo hilo lisizuie sera za bei zinazokusudia kuwafikishia watu bidhaa kwa bei ya chini kwa muda mrefu.

Kwa maneno mengine, hakuna aliyekataza maziwa ya kopo kuuzwa rahisi. Kilichokatazwa ni urahisi wa wiki mbili. Muuzaji wa jumla Kariakoo anayeuza kopo kwa bei ya chini kuliko duka la Masaki, leo, kesho na mwaka mzima, hajavunja Kanuni hizo. Anayebandika "ofa wiki hii tu" amevunja, hata kama bei yake ya ofa bado iko juu ya ile ya Kariakoo. Kwa mtu wa hesabu za duka jambo hili ni kichekesho. Kwa mtu anayejua titi linavyofanya kazi, lina mantiki kabisa.

Maziwa ya mama hutengenezwa kwa kadiri yanavyotoka. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama unatoa homoni ya prolaktini, na hii hutoka kwa wingi zaidi usiku. Maziwa yakibaki ndani ya titi, yana kitu chake kinachotoa taarifa kwamba mahitaji yamepungua, na titi linapunguza kasi. Kwa hiyo chupa moja ya maziwa ya kopo jioni inamaanisha mnyonyo mmoja umerukwa, titi limebaki limejaa, na kesho yake maziwa yamepungua kidogo. Mama anaona yamepungua, anaongeza chupa ya pili. Baada ya wiki mbili au tatu anasema maziwa yamekata, na hasemi uongo. Kuyarudisha inawezekana, ila inataka kumweka mtoto kwenye titi kila mara, mchana na usiku, na mtu wa kukushika mkono. Wengi hawana huo muda wala huyo mtu.

Tena wiki za mwanzo ndizo zenye mashaka. Karibu na wiki ya tatu na ya sita watoto wengi hunyonya mfululizo, hasa jioni, wanalia, wanataka tena baada ya dakika 20. Hapo ndipo bibi, shangazi na jirani wanapokusanyika: "Maziwa hayamtoshi huyu, mpe kitu." Zamani kitu hicho kilikuwa uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji. Siku hizi, mjini, ni kopo. Ukweli ni kwamba mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku, na uzito wake unapanda kwenye kadi ya kliniki, anashiba. Lakini saa tatu usiku, mtoto analia na jirani yuko mlangoni, nani anaangalia kadi?

Weka ofa katikati ya jioni hiyo uone. Nitapiga hesabu kwa bei ya kukisia, wewe weka ya dukani kwenu. Hesabu inayotumika sana kwenye mafunzo ya unyonyeshaji ni kwamba mtoto anayetumia maziwa ya kopo peke yake hutumia takriban kilo 20 za unga katika miezi sita ya kwanza. Hayo ni makopo 50 ya gramu 400. Kopo likiwa shilingi 30,000, jumla ni 1,500,000, yaani 250,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara serikalini, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni 500,000. Nusu ya mshahara, kabla hujalipa kodi ya chumba wala nauli ya daladala.

Tuseme sasa duka limeweka ofa ya asilimia 10 kwa wiki mbili. Ndani ya wiki mbili mtoto anatumia kama makopo manne. Mama ameokoa 12,000. Ofa inaisha Jumapili, na Jumatatu titi lake halina maziwa ya jana. Yaliyobaki ni makopo 46 kwa bei kamili: shilingi 1,380,000. Hapo punguzo limekuwa chambo kwenye ndoana. Pampasi hazina tabia hiyo. Ofa ya pampasi ikiisha unarudi kwenye nepi za kitambaa, mwili wako haujafungwa na chochote.

Kuna anayejibu: basi wafanye bei iwe chini milele, au wagawe bure, tatizo liishe. Kwenye hili la bure Afrika tuna ushahidi wa kuumiza. Botswana, kwa nia njema kabisa, serikali iliwapa bure maziwa ya kopo kina mama wenye virusi vya UKIMWI ili wasiwaambukize watoto kwa kunyonyesha. Mwanzoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha, maji yakachafuka, kuhara kukaenea. Watoto zaidi ya 500 walifariki katika miezi michache. Wachunguzi walipofuatilia walikuta walioathirika zaidi, tena kwa tofauti kubwa mno, ni watoto waliokuwa hawanyonyi. Kopo lilikuwa bure. Maji ya kulichanganya ndiyo yaliyokuwa na gharama. Leo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mama mwenye VVU katika nchi kama yetu atumie dawa zake vizuri na anyonyeshe, na ndivyo kliniki zetu zinavyofundisha.

Nimelitaja la maji kwa sababu Dar tunalijua. Unga wa maziwa ya mtoto hauji bila vijidudu kabisa, hata kopo likiwa halijafunguliwa. Inashauriwa uchanganywe na maji yaliyochemka ambayo bado yana joto lisilopungua nyuzi 70, kisha yapozwe, yanywewe ndani ya saa mbili, na yanayobaki yamwagwe. Sasa fikiria mama wa Mbagala ambaye maji ya bomba yametoka mara ya mwisho juzi, ananunua dumu, gesi imeisha, anachemsha kwa mkaa. Saa nane usiku mtoto ameamka. Unamwambia amwage robo chupa iliyobaki, yenye thamani ya nauli ya kesho?

Na hapa ndipo hoja ya wale wanaosema sheria ni adhabu inapopata nguvu. Bei ikiwa juu mama hanunui kopo zaidi; anapunguza kijiko. Kopo la siku tatu linavutwa hadi siku sita. Maziwa yanakuwa meupe kama kawaida, chupa imejaa, mtoto ananyonya na kunyamaza kwa muda, lakini ndani ya ile chupa kuna chakula nusu. Ni njaa isiyoonekana hadi siku ya mzani. Anayeandika sheria ya kuzuia ofa na asiseme lolote kuhusu bei yenyewe anamwacha huyu mtoto nje ya hesabu.

Waingereza wamegundua hilo kwa njia yao. Sheria yao inakataza kabisa punguzo kwenye maziwa ya hatua ya kwanza, yale ya mtoto mchanga, lakini si kwenye maziwa ya hatua ya pili, ya kuanzia miezi sita. Supamaketi zao zikaitafsiri sheria kwa woga kiasi kwamba mzazi alikuwa haruhusiwi hata kutumia pointi za kadi ya mteja kulipia kopo. Bei zilipopanda vibaya, mamlaka yao ya ushindani wa kibiashara ilifanya uchunguzi na kutoa taarifa Februari 2025. Ilikuta kwamba wazazi wananunua ghali wakidhani ghali ni bora, wakati makopo yote ya hatua ya kwanza yanayouzwa kihalali lazima yatimize viwango vilevile vya lishe. Mapendekezo yake hayakuwa kufungulia matangazo. Ilitaka wazazi waruhusiwe kulipia kwa pointi na vocha, na waambiwe waziwazi, tangu wodini, kwamba kopo la bei ndogo linatosha.

Tena Uingereza ni mfano mzuri wa kitu kingine ambacho watetezi wa sheria hawapendi kukisema: kuzuia ofa peke yake hakuleti unyonyeshaji. Utafiti wao wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta karibu asilimia 1 tu ya watoto bado wananyonya maziwa ya mama pekee wanapofikisha miezi sita, na sheria ya kuzuia punguzo ilikuwepo. Kwetu mambo yamekwenda vinginevyo. Tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 41 mwaka 2004-05, wakafika 50 mwaka 2010, 59 mwaka 2015-16 na 64 mwaka 2022. Kanuni zina mchango hapo, siwezi kuzinyima. Lakini kuna wakunga waliokaa na kina mama kuwaonyesha namna ya kumpakata mtoto, kuna mpango wa hospitali rafiki wa mtoto ulioanzishwa na WHO na UNICEF mwaka 1991, kuna mafunzo ya kliniki kila mwezi. Na kuna umaskini pia: wengi hawakuwahi kuwa wateja wa kopo, ofa iwepo isiwepo.

Wateja wa kopo wako mjini, wanafanya kazi, na wana simu janja. Ndiyo maana Dar ni uwanja wa mapambano hata kama takwimu za taifa zinapanda.

Na Dar ina jambo lake ambalo waliokaa Geneva hawakuliwaza: hapa kila kitu kinapatanwa. Jioni moja, kwenye duka la dawa Sinza, nilimsikia kijana wa kaunta akimwambia mama aliyebeba mtoto mgongoni, "Dada, chukua mawili nikutolee elfu tatu." Mama akacheka. "Toa tano bwana mdogo, kwani mimi mgeni hapa?" Wakamalizana kwenye elfu nne, makopo yakaingia kwenye mfuko pamoja na Panadol. Je, pale palivunjwa kanuni? Kwa usomaji wangu, mteja kuomba apunguziwe si uhamasishaji wa mauzo. Ni namna yetu ya kununua, hata dagaa tunanunua hivyo. Lakini "chukua mawili nikutolee" ni uhamasishaji wenyewe, waziwazi kabisa, bila bango wala kipaza sauti. Mpaka kati ya hayo mawili ni nani aliyeanza. Sitegemei mkaguzi yeyote ausimamie, wala sidhani inafaa kumpeleka yule kijana popote. Angefundishwa tu, maana mimi nina hakika alidhani anamsaidia yule mama.

Kuna muuzaji wa Instagramu na wa status za Watsapu: "Mzigo umeingia kutoka Dubai, bei ya kutupwa, mwisho Ijumaa." Huyu hana kaunta wala leseni ukutani, na kopo lake mara nyingi halina hata neno moja la Kiswahili. Halafu kuna mwenye duka la jumla ambaye mzigo wake umebakiza miezi miwili kuisha muda, anashusha bei ili usimfie mikononi. Biashara ya kawaida kwa biskuti. Kwa maziwa ya mtoto mchanga ni mauzo maalumu, na njia halali ni kuagiza kidogo tangu mwanzo au kukubaliana na msambazaji ayarudishe. Na kuna ule ujanja wa namba za hatua: kopo lenye 1 halitangazwi, lakini la 3 linatangazwa kwa rangi ileile, dubu yuleyule, jina lilelile. Mama anayekumbuka dubu hakumbuki namba. Mwongozo wa mwaka 2016 uliopokelewa na Baraza la Afya Duniani ulisema maziwa yote yanayouzwa kwa ajili ya watoto hadi miezi 36 yahesabiwe kuwa mbadala wa maziwa ya mama, na Mei 2025 baraza hilohilo likapitisha azimio la kuzibana nchi zisimamie matangazo ya mitandaoni. Ni kazi ngumu. Status inafutika yenyewe baada ya saa 24.

Lakini ningeulizwa kwa nini mama wa Dar anaanza kopo mapema, ofa isingekuwa jibu langu la kwanza. Ningesema kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Miezi sita ni siku 180 na ushee. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Saa mbili hizo zina maana gani kwa anayekaa Chanika na kufanya kazi Posta? Waajiri wenye akili humruhusu aondoke mapema. Wengine hawajui hata kama kifungu kipo, na mama wa duka, wa saluni au dada wa kazi za ndani anayejifungua mara nyingi hapewi hata hizo 84. Anayekamua ofisini anakamulia chooni, na maziwa hayo kwenye joto letu hayafai kukaa nje ya friji zaidi ya saa nne. Ukilinganisha na hayo, bango la ofa ni kisukumo kidogo kwa mtu aliyekwisha kusukumwa hadi ukingoni. Ndiyo maana nakubaliana na kulizuia, na ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani limemaliza kazi.

Kwa mama ambaye lazima atumie kopo, awe anatumia dawa zisizoruhusu kunyonyesha, awe analea mtoto wa marehemu dada yake, au awe ameamua tu kwa sababu zake, la muhimu ni haya. Maziwa ya hatua ya kwanza yana kiwango cha kimataifa cha Codex, chombo cha viwango vya chakula duniani, kilichowekwa mwaka 1981, mwaka uleule wa Kanuni. Kopo la bei ndogo lililosajiliwa na lisilopita muda linamlisha mtoto sawa na lile la bei ya juu lenye maneno mengi ubavuni. Usinunue kwa ofa. Tafuta duka ambalo bei yake iko chini siku zote, na hapa Kariakoo bado inazishinda supamaketi nyingi. Fuata kipimo cha kijiko kilicho ndani ya kopo lako, kwa sababu vijiko vya kampuni tofauti havilingani. Na kama umeona huwezi kulifikia kopo la wiki ijayo, sema kliniki kabla hujaanza kupunguza kijiko. Muuguzi akijua mapema anaweza kukusaidia kurudisha maziwa yako, au kukupa njia nyingine ya kumlisha mtoto, wakati mtoto bado ana uzito wake.